Angalia Mwezi Kwanza: Kuwatembeza Watoto Mombasa Bila Kuvunja Kibubu

Wako watoto waliozaliwa Kisauni, wakasomea Kisauni, wakafika gredi ya sita, na hawajawahi kutia mguu mwambani maji yakiwa yamekupwa. Bahari wanaiona kutoka daraja la Nyali, dirishani mwa matatu. Nawafahamu baadhi yao, wengine ni wa ndugu zangu. Ukiwauliza wazazi wao, jibu ni moja: matembezi yana pesa zake. Nauli ya watu watano, chakula cha watu watano, huyu ataka tyubu ya kuelea, huyu ataka kupanda ngamia, huyu alilia aiskrimu, na kabla jua halijageuka shilingi 3,000 zimekwenda na hakuna aliyeshiba.

Hesabu hiyo ni ya kweli. Lakini ni hesabu ya Jumapili alasiri, siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule ambao sote twauita Pirates. Saa hiyo maji yamejaa, mchanga umebaki ukanda mwembamba, watu wamebanana bega kwa bega, na mtoto asiye na nafasi ya kukimbia hana la kufanya ila kutazama vinavyouzwa na kuviomba. Familia ile ile, ikifika ufuo ule ule saa nne asubuhi ya siku hiyo hiyo, itakuta uwanja mpana kuliko viwanja vyote vya mpira vya kaunti hii, na karibu hakuna mtu. Ndiyo maana nasema, na nalisema kwa moyo wangu wote: gharama ya siku ya watoto hapa pwani huamuliwa na maji kabla haijaamuliwa na mfuko.

Maji ya Mombasa yana utaratibu wake. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja, na hapo tunapata bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, tofauti ya juu na chini ikipita mita 3. Siku hizo, kwa hapa kwetu, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele, kwa wastani dakika 50 hivi. Ikipita wiki moja, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka. Sasa maji yanajaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na yanapwa jioni, tena bila haraka na bila kwenda mbali. Hayo ndiyo maji mafu, na wavuvi huyajua kama wanavyozijua nyumba zao.

Kwa mzazi maana yake ni hii. Ukitaka watoto watembee mwambani wakatazame viumbe, chagua asubuhi ya bamvua. Ukitaka waogelee asubuhi kabla jua halijawa kali, chagua siku za maji mafu, kwa sababu bahari itakuja yenyewe mpaka mchangani na kukaa hapo. Nyumba nyingi hapa zina kalenda ukutani yenye tarehe za Kiislamu pembeni mwa zile za kawaida, na hiyo yatosha. Tarehe mosi hadi tatu za mwezi wa Kiislamu, na tena 14 hadi 17, ni siku za mwamba. Tarehe saba au nane, na 21 au 22, ni siku za kuoga. Asiye na kalenda atoke nje usiku atazame juu. Na anayetaka dakika kamili, Mamlaka ya Bandari ya Kenya hutoa jedwali la maji la mwaka mzima, na majedwali kama hayo yapo bure kwenye intaneti.

Nikishajua mwezi, mengine hupangika yenyewe. Asubuhi ya bamvua twatoka nyumbani saa moja na nusu ili tufike Bamburi au Nyali maji yakiwa bado yanashuka. Hapo ndipo mwamba unapokuwa na mambo. Bahari inarudi nyuma mpaka kule mawimbi yanakovunjika, na nyuma yake inaacha vidimbwi vya maji maangavu, kila kimoja na wakazi wake. Kuna kaa waliojihifadhi ndani ya maganda ya konokono waliokufa, nao huhama ganda wanapokua na la zamani kuwabana. Kuna viti vya pweza vyenye mikono mitano, na jongoo bahari waliolala mchangani kana kwamba hawana uhai. Wakati mwingine, ukinyamaza vya kutosha, pweza mwenyewe atatoa jicho pangoni. Kifungua mimba wangu, ambaye nyumbani hawezi kukaa kitako dakika tano, aliwahi kuchutama juu ya kidimbwi kimoja mpaka miguu ikamfa ganzi, akimngoja kaa achague ganda jipya. Hakuna aliyetutoza chochote.

Mwamba una masharti yake, na watoto hufundishwa kabla ya kushuka. Viatu ni lazima, vile vya plastiki vya kufunga, si kandambili, kwa sababu kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu ambao hujificha kwenye nyufa na mwiba wao hukatikia ndani ya nyama. Mkono hautiwi kwenye shimo usiloliona ndani. Konokono wenye ganda la umbo la pia, wenye madoadoa ya kupendeza, hawaokotwi, maana wapo wenye sumu kali. Na kwa jumla hakiokotwi kitu, hata ganda tupu. Sehemu ya bahari mbele ya Nyali na Bamburi ni hifadhi tangu 1986, na hata kusingekuwa na sheria, ganda tupu la leo ni nyumba ya kaa wa kesho. Watoto wanaielewa sababu hii upesi kuliko watu wazima.

Lililo kubwa zaidi ni kurudi kwa wakati. Maji yakianza kujaa huanza polepole, mtu akadhani ana saa nzima ya kupoteza, kisha katika saa ya tatu na ya nne yanapanda kwa kasi kuliko wakati wote. Mifereji iliyokuwa ya kifundo cha mguu inakuwa ya kiuno cha mtoto, na iko kati yako na ufuo. Kanuni ya nyumbani kwetu haina mjadala: maji yakisimama, sisi twageuka.

Kuhusu chakula sitaki kusema mengi, kwa sababu kila mama wa Mombasa anajua anachopaswa kufanya, shida ni kuamka. Mahamri yakandwe usiku. Mbaazi za nazi ziingie kwenye chombo kinachofunga vizuri, chai ya maziwa kwenye chupa ya chai, maembe yakatwe nyumbani, viazi vichemshwe na chumvi. Maji ya kunywa yawe mengi kuliko unavyodhani. Kapu hilo likiwepo, watoto wanaruhusiwa kununuliwa kitu kimoja tu kila mmoja, na wanakijua tangu nyumbani kwamba ni kimoja. Nimeona jinsi sheria hii inavyowabadilisha. Mtoto mwenye kitu kimoja huzunguka, hulinganisha, huuliza bei, halafu akichagua dafu hulinywa lote na kudai akombewe ile nyama laini ya ndani kwa kipande cha kifuu. Mtoto asiye na mpaka hununua vitu vinne na kuacha vitatu nusu.

Mahali pa kukinunua kitu hicho kimoja, kwa maoni yangu, hakuna kama Mama Ngina. Bustani ile ya baharini ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, sherehe za Mashujaa za mwaka huo zikafanyiwa pale pale. Wako waliolalamika kwamba saruji imezidi, na kuna ukweli ndani yake. Lakini mibuyu imebaki, na mibuyu ndiyo hazina. Mpeleke mtoto chini ya mbuyu mmoja, mwambie auzungushie mikono, aone ni watoto wangapi wanahitajika kuukamilisha. Kisha mwonyeshe yale matunda yaning'iniayo kama panya waliofungwa mikia, halafu mnunulie pakiti ya mabuyu mekundu kwa mama aliyeketi pembeni. Watoto wa mjini hula mabuyu maisha yao yote wasijue yametoka mti gani, na nimeona zaidi ya mtoto mmoja akitazama juu, akitazama mkononi, akitazama juu tena.

Upande wa kuelekea mnara wa taa kuna mihogo. Ya kukaangwa, ya kuchoma iliyopasuliwa na kutiwa chumvi, pilipili na ndimu, na ile ya kukatwa nyembamba kama karatasi inayouzwa kwa pakiti. Kaa nayo kwenye ukingo jioni jua likipungua, maana hapo ndipo mlango wa bandari ya Kilindini ulipo. Meli ya makontena ikiingia hupita karibu hivi kwamba watoto wanaweza kusoma jina lake na bandari iliyosajiliwa bila darubini. Sisi tuna daftari kwa ajili ya hilo. Wa kati huandika jina la meli na mji, na tukirudi nyumbani tunautafuta kwenye ramani: Monrovia, Majuro, Panama. Amejifunza jiografia kwa njia hiyo kuliko kwa kitabu alichopewa shuleni, na kitu pekee kilichotugharimu ni kalamu.

Ukiwa pale usiondoke bila kuvuka. Feri ya Likoni haiwatozi wanaovuka kwa miguu, na kwa mtoto ni safari ya meli kamili. Mlango unashuka kwa kelele za chuma, watu wanamiminika, injini inatetemesha sakafu, maji yanachemka nyuma, na Mombasa inasogea mbali. Usiende asubuhi watu wakienda kazini wala jioni wakirudi, umati huo si wa watoto. Enda mchana wa Jumamosi, mshike kila mmoja mkono, msimame pembeni mbali na magari, na msishuke mpaka chombo kisimame kabisa. Ng'ambo ya pili nunueni machungwa, mrudi. Kitinda mimba wangu angefurahi tukifanya hivyo peke yake siku nzima.

Jua la saa sita ni adui wa kweli, na saa hizo hakuna ufuo ulio mzuri. Kati ya saa tano na saa tisa mtoto awe kivulini au ndani, na hapo ndipo Fort Jesus inapofaa. Si bure, lakini bei ya wananchi ni ndogo kuliko ya wageni, na kuta zile nene zina ubaridi wake. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Hayo mtoto atayasahau kabla ya kufika nje. Hatasahau mifupa ya nyangumi. Hatasahau mizinga, ambayo kila mtoto lazima achungulie ndani ya mdomo wake. Na ukimpeleka kwenye kuta zile walizochora mabaharia na askari wa Kireno kwa makaa na udongo mwekundu, akaona majahazi yao, samaki wao, watu wao, atakuuliza kwa nini wao waliruhusiwa kuchora ukutani.

Waambie habari ya kuzingirwa kwa ngome. Waomani waliizunguka tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani wakafa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Katikati ya vita hivyo, mwaka 1697, merikebu ya Kireno Santo António de Tanná iliyokuja kusaidia ikazama pale chini, mbele ya ngome. Wapiga mbizi waliichimbua miaka ya 1970, na baadhi ya vyombo vilivyotoka chini ya maji viko mle ndani kwenye makumbusho. Ukisimama juu ya ukuta ukawaonyesha mahali ilipozama, kisha ukashuka nao kuwaonyesha vyombo vyake, historia imekwisha ingia, wala hukuhubiri.

Ukitoka, Mji wa Kale uko mlangoni. Kutembea hakulipiwi. Msikiti wa Mandhry, wa karne ya 16, na mnara wake mnene mweupe. Milango ya kuchonga, ambayo watoto wanaweza kupewa kazi ya kuhesabu maua na minyororo iliyonakshiwa. Glasi ya maji ya ukwaju yenye barafu. Nendeni kwa adabu, nguo za heshima, na msipige watu picha bila idhini, maana zile ni nyumba za watu na barazani hukaa wazee. Wakiamkiwa na watoto kwa shikamoo watawapa hadithi ambazo hazimo makumbusho.

Kuna mahali pamoja ambapo nasema weka akiba uende, hata kama ni mara moja kwa mwaka. Haller Park, Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu la matumbawe, joto la kuunguza na maji ya chumvi chini yake. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, alianza kujaribu kupanda miti hapo. Alijaribu aina 26, mitatu ikasalimika, na uliostawi kuliko yote ni mvinje. Hata hivyo majani ya mvinje yalianguka na kurundikana bila kuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Aliyeukata mkwamo huo ni jongoo. Majongoo wenye miguu myekundu waliletwa, wakala majani, na kinyesi chao kikawa udongo wa kwanza wa msitu unaouona leo, wenye twiga, kobe, viboko na samaki. Watoto wangu walikuwa wakiwakanyaga majongoo uani masika yakija. Siku hizi huwahamisha kwa kijiti.

Na ndipo palipokaa Owen, kiboko mtoto aliyekwama baharini karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaokolewa na kuletwa hapo, akamchagua kobe wa zaidi ya miaka 100 aitwaye Mzee awe mzazi wake. Dunia nzima iliijua habari hiyo. Nawashangaa walimu wa mitaa hii wanaowapeleka watoto mbali kutafuta hadithi. Kwa gharama, ulizeni kuhusu bei ya wanafunzi. Shule au madrasa ikiungana na wazazi wakakodi matatu moja, mzigo hugawika ukawa mwepesi. Panga kufika wakati wa kuwalisha twiga.

Kusini kuna siku nzima nyingine. Ukivuka Likoni na kupanda matatu ya Ukunda unaweza kufika mahali mto Mwachema unapoingia baharini, kati ya Tiwi na Diani, penye msikiti wa kale wa Kongo chini ya mibuyu. Maji ya mto yanapokutana na bahari huwa ya vuguvugu, na yakiwa yamekupwa kuna sehemu za kina cha goti ambazo mtoto wa miaka mitatu anaweza kuketi. Yakipwa kwa nguvu au yakijaa, mkondo pale una nguvu pia, kwa hiyo hapo simwachi mtoto peke yake hata akijua kuogelea. Barabarani Diani waambie watazame juu: kuna ngazi za kamba zilizofungwa kutoka mti hadi mti juu ya lami ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Kumngoja mbega avuke ni mchezo unaoweza kumaliza saa nzima.

Mbele zaidi, kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini, ni Gazi. Akina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao ndani ya mikoko, na kiingilio kidogo wanachotoza kinabaki kijijini. Mpeleke mtoto akaone mkoko uliosimama juu ya mizizi kama miguu ya buibui, na mchu unaotoa mizizi ya kupumulia juu ya tope. Mbegu ya mkoko huanza kuota ingali juu ya mti, ndefu na yenye ncha, ikianguka hujichoma topeni ikaanza maisha. Kijiji hicho hicho kina mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda msitu na kuuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa ukaa ambao mikoko inaunyonya, na pesa zake zimeingia kwenye maji na shule. Wapigie mapema wakupikie wali wa nazi na samaki, msibebe chakula siku hiyo. Pesa za siku ya Gazi nazitoa kwa furaha kuliko pesa zozote za matembezi.

Kuhusu msimu: kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia lakini joto ni kali, kwa hiyo asubuhi ndiyo siku. Likizo ya Agosti ni ya kusi. Upepo ni mwingi, mawimbi yanachafuka, mtoto akitoka majini anatetemeka, basi beba leso mbili kwa kila mmoja na uweke nguvu kwenye mwamba, ngome na mibuyu kuliko kuogelea. Aprili na Mei mvua hukata shauri yenyewe. Na Idi ikiingia, pale Makadara kuna pembea, vibanda na watoto waliovaa vipya, na sarafu walizopewa na wajomba zao zinatosha kabisa.

Sasa niseme linalonikera.

Yote niliyoeleza ya baharini yanategemea njia moja: ile ya kutoka barabarani hadi mchangani. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Ule mwamba tunaotembea, zile dimbwi, mchanga unaolowa na kukauka mara mbili kwa siku, ni wa mtoto wa Kisauni sawasawa na wa mgeni aliyelala hotelini. Lakini utaufikiaje? Kutoka Nyali hadi Shanzu ukuta unafuata ukuta, na vijia vya zamani walivyopita wavuvi na nyanya zetu vimepungua. Vingine vina lango, vingine vimejaa taka makusudi mpaka mtu aone haya kupita na watoto, vingine vimebaki upana wa mkokoteni. Familia ikikosa kijia cha karibu, inapanda tuktuk hadi ufuo wenye umati. Hapo ndipo shilingi 3,000 zinapoanzia.

Siku moja mlinzi wa hoteli, sitaitaja, alikuja kuwaambia watoto wangu wasogee na ngome yao ya mchanga kwa sababu wageni watakuja kuketi hapo. Mchanga ulikuwa umelowa, maji yalikuwa yameupita asubuhi ile. Nikamwamkia, nikamwambia, "Ndugu yangu, hapa tulipo maji yalifika leo. Hapa ni pa serikali, ni pako na ni pangu." Alinyamaza, akatazama alama ya mwani uliokauka pale juu, akacheka kidogo. Akaniambia ana watoto watatu Mtopanga na hajawahi kuwaleta, kwa kuwa kijia cha karibu na kwao kimefungwa. Tukaongea hadi alipoitwa. Kabla ya kuondoka alinionyesha kijia kingine, nyuma ya mivinje, ambacho nilikuwa nakipita kila siku bila kukijua.

Tangu hapo kila kijia nikikijua nawaambia wengine: majirani, kundi la wazazi la shule, mama wa mahamri. Tunavipita makusudi, hata siku ambayo hatuna haja, kwa sababu kijia kinachopitwa hakifungwi kirahisi. Kikizibwa, piga picha yenye tarehe, andikeni barua pamoja, ipelekwe kwa diwani wa wadi na nakala kwa Tume ya Taifa ya Ardhi. Na kaunti, inayotumia pesa nyingi kuwatangazia watu wa mbali uzuri wa ufuo huu, itutengenezee kitu kidogo sana: kibao katika kila kijia cha umma, kikielekea barabarani mahali matatu inaposimama, kikisomeka kwa herufi kubwa kwamba hii ni njia ya baharini, iko wazi kwa kila mtu, wakati wote.